Mafuta ya Kupoza

Huku kwetu Kahama umeme unapozwa. Ile mitambo mikubwa iliyozungushiwa uzio nje ya mji inaitwa kituo cha kupoza umeme, na nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba ndani yake yupo mtu mwenye ndoo anayeumwagia maji kutwa nzima. Baadaye nikasomea ufundi, nikajua kwamba kupoza maana yake ni kuupunguza nguvu ili uingie majumbani bila kuua mtu. Lakini neno lenyewe nililipenda, nikaendelea kulitumia dukani kwangu kwa kila mteja. Ndilo lililotuingiza matatani siku ile ya mbina, na hadi leo likinijia nikiwa nimeshika bisibisi nacheka peke yangu mpaka wateja wanatazamana.

Nianze na mama, maana bila yeye nisingekuwa uwanjani siku ile. Mama yangu ni mwimbishaji. Kundi lake ni la akina mama wa kijijini kwetu, nje kidogo ya mji, na kila baada ya mavuno wanakwenda kushindana kwenye mbina. Asiyeijua mbina nimweleze kidogo. Makundi mawili yanacheza ngoma kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna anayekaa mezani kutoa alama. Watazamaji wenyewe ndio wanaotembea. Wakivutiwa huku wanakuja huku, wakivutiwa kule wanahamia kule, na jua likielekea kuzama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Ushindani huo hauna huruma hata kidogo. Unaweza kuwa katikati ya wimbo, umefumba macho kwa utamu, ukiyafumbua unaona migongo ya watu.

Mama aliiona migongo hiyo mwaka uliotangulia. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni, akapona vizuri, ila sauti ilirudi nyembamba. Kumsikia ilibidi usogee. Upande wa pili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, yaani mama yangu mdogo, mwimbishaji wa kundi la ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye akiita ng'ombe wake, na ng'ombe wa jirani wanaitika. Watu wakahamia kwake wote. Mama alirudi nyumbani, akautundika usinga wake ukutani, ule mkia wa ng'ombe anaoupunga mwimbishaji, na akatuambia kwamba ataimba mara moja tu tena. Asiposikika, atamkabidhi usinga mwenzake aliye na sauti na yeye atabaki kuitikia kiitikio nyuma. Alisema kwa utulivu. Mama akifoka mimi simwogopi, lakini akisema jambo kwa utulivu najua ameshaamua.

Nikamwambia atasikika. Fundi wa maredio na maspika, mwenye duka lake mjini, mama yake akose sauti? Niliudhika kana kwamba nimetukanwa.

Spika nilikuwa nazo. Amplifaya nilikuwa nayo, ya muziki wa gari, inayotumia volti kumi na mbili. Tatizo likawa umeme, kwa sababu uwanjani hakuna nguzo hata moja, na wazee wa mbina walikuwa wamepiga marufuku majenereta. Wanasema yananguruma kuliko wanaoimba, na hapo sikuwa na ubishi nao. Yalibaki mabetri ya lori la mume wangu. Mume wangu anasafirisha mpunga, na lori lake analipenda kuliko anavyonipenda mimi, jambo ambalo hulikana kila mara huku akilifuta vumbi. Lori linatumia volti ishirini na nne, betri mbili zilizoungwa pamoja. Nikapendekeza nichukue umeme kwenye betri moja tu. Akakataa katakata, na alikuwa na haki, kwa kuwa ukinyonya moja na kuiacha nyingine zinapishana nguvu na baada ya muda unazika zote mbili. Nikajaribu kile kifaa cha dukani kinachokatakata umeme haraka haraka ili kuushusha. Kiliushusha vizuri, ila kikatia mlio kwenye spika, na mama alipojaribu maiki sauti yake ikatoka na mbu ndani yake. Akaniuliza kama mbu huyo naye atalipiwa nauli.

Basi nikaamua kuushusha kwa njia ya zamani, kwa transista.

Transista za kazi nzito ni zile za chuma, duara, zenye masikio mawili ya kupitishia skrubu. Sisi tunaziita kofia. Kofia inakaa katikati ya betri na amplifaya kama mlinzi wa mlangoni. Betri inaleta volti ishirini na nne, amplifaya inataka kumi na mbili, na zile zinazozidi lazima mlinzi azibebe mwenyewe. Mkondo unaopita kwake ndio huohuo unaokwenda kwenye muziki, kwa hiyo ukipiga hesabu unakuta kwamba nusu ya nguvu inakwenda kuimba na nusu nyingine inabaki kwenye kofia, inageuka joto. Mume wangu alipoelewa hivyo alishika kichwa. Alisema yeye alidhani ananiazima betri kwa ajili ya mama, kumbe nusu nzima ni ya kuchoma hewa. Nikamwambia hiyo ndiyo mahari aliyosahau kumalizia.

Kofia moja haiwezi kubeba joto lote hilo. Unazipanga kadhaa bega kwa bega zigawane. Nazo zina tabia moja ya hatari: iliyopata joto kuliko wenzake inaachia mkondo zaidi, mkondo ukizidi inapata joto zaidi, kama mchezaji ngoma aliyesifiwa, mpaka inaanguka. Unaitia kila moja rizista ndogo mguuni, kidude cha kubana mkondo, ili itulie. Kisha zote unazifunga kwenye hitisinki, yaani kipande kinene cha alumini chenye mapezi, kinachonyonya joto na kulitawanya hewani. Yangu niliipata kwa wauza vyuma chakavu, imetoka kwenye mtambo fulani mkubwa wa migodini, nzito kiasi kwamba niliibeba mgongoni kwa kitenge, na njiani watu wakanipongeza kwa mtoto mnene.

Kuna jambo moja la mwisho, na hadithi yote imelala hapo. Kofia na hitisinki hata ukizikaza kwa nguvu zako zote hazigusani sawasawa. Katikati kuna vishimo visivyoonekana kwa macho, vimejaa hewa, na hewa haipitishi joto. Ndiyo maana tunapaka grisi nyeupe, nzito, laini, inayojaza vishimo hivyo ili joto livuke. Ikikushika haitoki. Nina magauni matatu yenye alama zake.

Siku moja kabla ya mbina kundi zima lilikuwa uani kwetu likipima nguo. Nilikuwa nafunga kofia za nyongeza kwenye sanduku nililolijengea ile hitisinki, kwa kuwa zile za mwanzo zilikuwa zinaelemewa. Nilifuta grisi ya zamani, nikazifunga zote kavu, nikapanga kuzipaka grisi mpya uwanjani, maana barabara yetu ina makorongo ya kulegeza hata meno na ilikuwa lazima nikaze skrubu upya hukohuko. Bibi mmoja wa kundi, mkubwa wao kwa umri na mchezaji wao hodari, alikaa karibu yangu akauliza kila kitu. Sanduku hili ni la nini? Nikamjibu ni la kupoza umeme. Na hicho kikopo cheupe? Nikamwambia ni mafuta ya kupoza. Akakifungua, akanusa, akakirudisha, akasema wabeja, asante, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. Sikutilia maanani.

Kesho yake tukapanda lori, akina mama juu ya magunia matupu wakiimba njia nzima, mimi nimelikumbatia sanduku. Tulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Nikaunga nyaya, nikakaza skrubu, nikatoa kadi kuukuu ya simu ninayosambazia grisi, nikafungua kikopo. Kikopo kilikuwa kimesafishwa kama sahani ya mtoto mwenye njaa.

Nikainua macho. Kundi la mama lilikuwa linapanga mstari, na kila uso ulikuwa umechorwa: mistari miwili minene mashavuni, mmoja kwenye paji la uso, nukta kidevuni, yote meupe na ya kung'aa. Miaka yote wanajichora kwa chokaa. Chokaa haing'ai hivyo.

Nilimfuata bibi nikimuuliza mafuta yale wameyatoa wapi, na moyoni najua.

"Kwenye kikopo chako," alisema. "Si ulisema mafuta ya kupoza? Jua la leo unaliona mwenyewe. Na kweli yanapoza, walahi, nimepaka mpaka masikio."

Sikujua nicheke au nilie. Ngoma ya upande wa pili ilikuwa imeshaanza, na mama alikuwa amesimama mbele ya maiki ameshika usinga kwa mikono yote miwili. Nikajipa moyo kwamba kofia ni nyingi, zitavumilia. Nikawasha.

Sauti ya mama ikatoka. Jamani. Ilitoka nyembamba vilevile ilivyo, lakini ikapita juu ya vichwa vya watu wote ikafika mpaka kwenye mikokoteni ya wauza miwa kule barabarani. Nilisisimka mwili mzima. Mama mwenyewe alishtuka, akageuka kuitazama spika kana kwamba ametajwa jina, kisha akacheka ndani ya maiki, na watu wa kwanza wakaanza kutembea kuja kwetu. Mume wangu, aliyekuwa akilinda betri zake, alisahau betri akapiga vigelegele, kazi ambayo si ya wanaume.

Wimbo wa pili haukufika mwisho. Nilisikia harufu ya rangi inayoungua. Nikalowesha kidole kwa mate nikagusa kofia moja, kidole kikalia chwii. Nikashika hitisinki: baridi. Kofia zinaungua na hitisinki imekaa pale baridi kama haihusiki. Joto halikuwa na njia ya kuvuka, na njia yenyewe ilikuwa inacheza ngoma mbele yangu kwenye mashavu ya akina mama. Spika ikaanza kukoroma. Nikazima kabla kofia hazijafa zote, na sauti ya mama ikapotea uwanjani kama taa iliyokatika.

Waliokuwa wanakuja wakasimama. Wengine wakaanza kugeuka, na nikamwona mama anaitazama ile migongo.

Hapo ndipo nikapandwa na kichaa, ndivyo mume wangu anavyosimulia. Nilimtupia bisibisi nikamwambia afungue kofia zote, na mimi nikachukua kadi yangu na mfuniko wa kikopo nikaingia katikati ya ngoma. Nilianza na wa kwanza mstarini. Nikamshika kidevu, nikamkwangua shavu la kulia kutoka juu kwenda chini, nikaipangusa kadi kwenye mfuniko, nikahamia la kushoto. Naye, mwanamke mzima na wajukuu wake, aliendelea kucheza. Hakuna aliyewaambia wasimame, na kwenye mbina kusimama ni kushindwa. Kwa hiyo mimi nami ikanibidi nicheze, la sivyo ningemtoa mtu jicho. Mimi ambaye shuleni niliondolewa kwenye kwaya kwa kukosea makofi nilikuwa nayumbisha mabega na akina mama wa kundi zima, nikinyoa nyuso zao kwa kadi ya simu.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Kikaongezeka. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Walidhani kundi la mama limebuni kinyozi wa ngoma. Ile migongo ikageuka tena ikawa nyuso, simu zikainuliwa juu kupiga video, na kila nilipomaliza shavu moja umati ukashangilia na kunihesabia. Nilipofika kwa bibi alikataa. Alisema yake bado yanapoza. Akawa ananikwepa kwa mtindo, kulia, kushoto, chini kwa magoti, na mimi namfuata chini kwa magoti, watu wanalia machozi. Mwishowe akanipa sikio moja kwa huruma. Sikio lile lilikuwa na grisi ya kutosha kofia mbili.

Mume wangu, niliyekuwa nikimpelekea mfuniko kila ulipojaa apake na kukaza, akanipigia kelele kwamba imebaki kofia moja kavu. Mfuniko ulikuwa mtupu. Mashavu yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa ya mama.

Mama alikuwa hajaacha kuimba. Tangu nilipozima, muda wote ule wa vurugu, alikuwa amesimama mbele ya maiki iliyokufa anaimba vilevile kwa sauti yake ile, na niliposogea ndipo nikamsikia. Aliimba kwa ajili ya wenzake wamshike mdundo, basi. Ukiwa hatua chache tu kutoka pale ungeona midomo inacheza bila sauti. Kicheko chote kilinitoka nikabaki nimesimama na kadi yangu.

"Mama, nipe shavu," nilimwambia.

Aligeuza uso akanipa, bila kukata wimbo. Nilikunja ncha ya kitenge changu nikamfuta jasho kwanza, taratibu, kama yeye alivyokuwa akinifuta makamasi mlangoni pa shule mbele ya watoto wenzangu, kisha nikakwangua. Chini ya ile grisi ngozi yake ilikuwa ya joto na imelegea kuliko nilivyokumbuka. Alinitazama pembeni kwa jicho moja, akiimba, na jicho hilo lilikuwa linacheka.

Nikapaka, nikakaza, nikawasha. Nikaweka kiganja kwenye hitisinki nikasubiri. Polepole ikaanza kupata joto, na sijawahi kufurahia kitu cha moto namna ile. Joto lilikuwa linavuka.

Waimbishaji wetu hutunga papo hapo, na mama alikuwa na jambo tayari. Sauti yake iliporudi kwenye spika ilikuja na maneno mapya, ya Kisukuma, ambayo kwa Kiswahili ni hivi: binti yangu nilimfuta uso akiwa mdogo, leo amenifuta mimi, enyi mnaoitafuta sauti yangu, ilikuwa shavuni. Akina mama wakaitikia, ilikuwa shavuni. Umati ukaitikia, ilikuwa shavuni. Upande wa pili wa uwanja nikaona vumbi, na ndani ya vumbi watu wanakuja kwetu mbio, wakiwemo wapiga ngoma wawili wa kundi la mama mdogo.

Mwisho akaja mama mdogo mwenyewe. Alisimama mikono kiunoni mpaka jua likashuka, akimsikiliza dada yake. Mbina ilipokwisha alimpa mama mkono, akamwamkia shikamoo kama ipasavyo, kisha akanivuta mimi pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpatia na yeye kikopo cha yale mafuta, kwa ajili ya mwakani. Nikamwambia ni ya transista. Akasema hata yeye ngozi yake ni ya hivyohivyo.

Tulirudi jioni kwa lori lilelile, akina mama wamepigwa na upepo, nyuso zao zina michirizi ya ajabu, bibi bado ana sikio moja jeupe. Mama alikaa karibu yangu, usinga mapajani. Sanduku lilikuwa kati yetu. Aliligusa kwa bahati, akaurudisha mkono haraka, kisha akaupeleka tena.

"Mbona umelizima na bado ni la moto?"

Nikamweleza kama nilivyomweleza mume wangu. Kwamba kila alipoimba, nusu ya nguvu ilikwenda kwenye spika, na nusu nyingine ikabaki humu, ikawa joto.

Alifikiri kidogo. Upepo wa jioni ulikuwa na baridi, na mikono yake siku hizi inauma kwenye viungo. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mapezi.

"Kumbe ile waliyoisikia ni nusu," alisema.

Akacheka, akamwambia bibi, bibi akamwambia wa mbele yake, na kicheko kikaenda hivyo mpaka kwa mume wangu kwenye usukani. Mama hakuitoa mikono yake mpaka tulipofika nyumbani. Usinga aliutundika ukutani mwenyewe, kwenye msumari wake.